Zuio la Asilimia Tatu

Mkaguzi Elieth Masunga alikata lakiri ya polisi kwenye mfuniko wa tangi, akaufungua, kisha akachovya kijiti kikavu ndani ya mafuta. Alipokitoa kilikuwa kimelowa karibu chote.

"Limejaa," alisema.

"Nimekuwa nikisema hivyo tangu siku ya kwanza, afande," alijibu George. "Hakuna aliyetaka kunisikiliza."

George alikuwa fundi umeme wa Kituo cha Afya Bulongelo, mwendo wa nusu saa kutoka Buseresere. Kwa wiki tatu sasa alikuwa akipita njia za uchochoroni kwenda kazini, kwa sababu kijiji kizima kilimwita muuaji. Walisema aliuza dizeli ya jenereta. Elieth alitumwa kutoka Shinyanga kuichunguza habari hiyo, kwa kuwa mkuu wa upelelezi hakutaka kesi hii ishikwe na mtu anayejuana na wahusika.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Jumanne moja ya Januari, saa tisa alasiri, mama mmoja aitwaye Rebeka, mwenye miaka ishirini na sita, alikuwa kwenye meza ya upasuaji akijifungua mtoto wake wa kwanza. Umeme ukakatika. George akawasha jenereta, ikanguruma kwa dakika nne, ikazima, na haikuwaka tena. Mtoto alitolewa akiwa hai kwa mwanga wa tochi za simu. Mashine ya kufyonza damu ilikuwa imekufa, daktari hakuona mahali damu ilipotokea, na kabla ya saa kumi Rebeka akafariki.

"Tangi lilifungwa lakiri lini?" Elieth aliuliza.

"Jioni ileile. Askari wa Buseresere walikuja kabla hatujamtoa marehemu."

Basi hadithi ya dizeli iliishia hapo. Elieth aliandika kwenye daftari lake, akamwambia Koplo Silvesta, dereva na msaidizi wake, apige picha ya kijiti na lakiri. Kisha akamgeukia George.

"Nifungulie kichujio cha hewa."

George alilegeza nati mbili, akatoa kichujio. Kilikuwa kimeziba kwa unga wa kijivu, laini kama wa muhogo. Elieth aliusugua kati ya vidole viwili. Ulikwaruza.

"Hili si vumbi la barabarani," alisema. "Vumbi lenu hapa ni jekundu."

"Ni unga wa mawe, afande. Unauona kwenye makarasha, wanakosaga mawe ya dhahabu. Lakini hapa Bulongelo hakuna karasha. Hapa watu wanalima."

Elieth alichukua kisu kidogo, akakwangua pembeni mwa injini. Chini ya rangi ya kijani ikatokea rangi ya njano, na chini ya njano, kutu. Kibati kilichosema mashine imetengenezwa miaka miwili iliyopita kilikuwa kimegongomelewa kwa ribiti mpya zinazong'aa, ilhali matundu yake yalikuwa yamelika.

"Ililetwa lini?"

"Mwezi wa tisa. Niliwaambia hii si mpya. Wakaniuliza kama mimi ni fundi au ni kamati ya mapokezi." George alifuta mikono kwenye suruali. "Nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu, na ninalijua."

*

Kwa mujibu wa nyaraka, muuzaji alikuwa tayari ameshakamatwa. Aliitwa Serafina Jilala, mjane mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kalangalala, mjini Geita. Alikuwa mahabusu tangu wiki iliyopita. Ijumaa angepandishwa kizimbani kwa kosa la kuua bila kukusudia, na hiyo ilikuwa Jumatano. Alichokubali kusema ni kimoja tu, kwamba jina kwenye hati za zabuni ni lake. Baada ya hapo alifunga mdomo.

Elieth alikuwa amepita dukani kwake asubuhi. Aliona reki, toroli mbili, mifuko ya simenti isiyozidi thelathini, rangi, na mabomba ya plastiki. Ukutani palining'inia karatasi zake za biashara, naye akazipiga picha zote. Mwanamke huyo, kwa macho ya Elieth, hakuwa na mahali pa kuiweka jenereta kubwa hata kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo alikwenda halmashauri kulisoma faili mwenyewe.

Mhasibu aliyeandaa malipo aliitwa Edward, mtu wa makamo, shati lake limenyooshwa vizuri, kalamu tatu mfukoni. Alilisukuma faili mezani kama mtu anayetoa sahani ambayo hana hamu nayo.

"Kila kitu kipo, afande. Hati ya kununulia, hati ya madai, hati ya mapokezi, hati ya malipo. Zabuni ilitengwa kwa vikundi maalumu, akina mama, vijana na wenye ulemavu. Mama Serafina ni mwenyekiti wa kikundi. Alishinda kihalali."

Elieth alifungua ukurasa baada ya ukurasa. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Kwenye hati ya malipo kidole kikasimama.

"Hapa mmemlipa bei ya jenereta, halafu mkaongeza asilimia kumi na nane ya VAT. Mimi nilidhani serikali hailipi kodi."

Edward alitabasamu kidogo. Swali hilo alikuwa amelijibu mara nyingi, na lilimpa nafasi ya kupumua. "Watu wengi wanadhani hivyo, hata wafanyabiashara. Serikali ikinunua inatozwa VAT kama mnunuzi mwingine yeyote, isipokuwa kwa vitu vilivyosamehewa na sheria. Dawa, sawa. Jenereta, hapana."

"Na huu mstari wa chini? Umeandika mmekata."

"Ni zuio. La kwanza ni asilimia mbili, hilo ni la kodi ya mapato, la siku zote. La pili ni jipya. Tangu Julai mwaka jana, tukinunua bidhaa, tunabakiza asilimia tatu ya thamani yake kwa ajili ya VAT, tunaipeleka sisi wenyewe mamlaka ya mapato. Muuzaji tunampatia cheti. Akifika kulipa VAT yake ya mwezi anakionyesha, anapunguziwa."

"Kwa hiyo hapa mlibakiza milioni moja, laki mbili na sitini elfu."

"Ndiyo."

"Kwa muuzaji yeyote?"

Edward aligusa kalamu zake. "Aliyesajiliwa VAT."

"Na asiyesajiliwa?"

"Huyo hana VAT ya kutoza, kwa hiyo hakuna cha kuzuia."

Elieth alitoa simu yake, akatafuta picha, akaiweka mezani mbele yake. Ilikuwa karatasi ya ukutani ya duka la Kalangalala. "Soma."

Edward hakuhitaji kusoma.

"Mama Serafina analipa kodi ya makadirio," Elieth alisema. "Mauzo yake ya mwaka mzima hayafikii hata bei ya jenereta mbili. Hajasajiliwa VAT. Hajawahi kusajiliwa. Sasa niambie, mlimlipaje VAT, mkamzuia, mkampa cheti?"

"Mfumo ulikubali, afande."

"Mfumo unakubali unachoulisha. Ulilisha namba ya usajili ya nani?"

Feni ilizunguka. Edward alinywa maji, akaweka glasi, akainyanyua tena ingawa ilikuwa tupu.

"Namba niliitoa kwenye risiti."

Elieth alirudi kwenye faili. Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ilikuwepo, imebanwa kwa pini nyuma ya hati ya madai, lakini maandishi yalikuwa yamefutika. Karatasi za mashine zile hazivumilii joto. Miezi mitano ndani ya kabati la bati ilitosha kuifanya nyeupe kabisa. Aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Hakuona hata tarakimu.

"Kivuli chake kiko wapi?"

"Mashine ya kunakili ilikuwa mbovu wiki ile."

"Nichapie cheti cha zuio."

"Mtandao uko chini tangu asubuhi."

"Ni nani aliyeleta risiti hapa?"

"Sikumbuki jina. Niliambiwa wale ni ndugu, duka ni moja, nisicheleweshe malipo ya kituo cha afya." Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Niliambiwa akina mama wanateseka gizani. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa."

Elieth alinyoosha kidole kwenye daftari kubwa la vyeti lililokuwa rafuni, ambalo kila mhasibu hulijaza kwa mkono hata kama mtandao umelala. Edward alilishusha. Jina halikuandikwa humo. Kulikuwa na tarehe, kiasi, na namba ya cheti.

Elieth alinakili namba ile, tarakimu moja moja, akaisoma kwa sauti, akamtaka Edward aweke sahihi pembeni yake.

*

Alhamisi asubuhi, katika ofisi ya mapato mjini, afisa aliyempokea aliitwa Melania. Aliisoma barua ya mahakama mara mbili, akapiga simu kwa mkubwa wake, akaisoma tena. Taarifa za mlipakodi hazitolewi dirishani, hata kwa polisi. Aliporidhika ndipo akafunga mlango na kuingiza namba ya cheti kwenye kompyuta.

"Mmiliki wa namba hii si Jilala," alisema.

"Ni nani?"

Melania aligeuza skrini kidogo. Elieth alisoma jina, na Silvesta, aliyesimama nyuma yake, akaguna.

Ignas Lutonja. Geita nzima ilimfahamu. Aliuza pampu, injini na mashine za wachimbaji wadogo, na alikuwa na makarasha mawili njia ya kwenda machimboni. Jina lake lilikuwa kwenye mabenchi ya parokia na kwenye jezi za timu ya mtaa.

"Huenda mhasibu alikosea tarakimu," Elieth alisema. Alitaka kuusikia utetezi kabla ya wakili kuuleta. "Cheti kikaangukia kwa mtu asiyehusika."

"Hutokea. Huwa tunaviona vyeti vimening'inia, mwenye namba hajui hata vimetoka wapi." Melania alishusha ukurasa. "Lakini hiki hakikuning'inia. Tarehe ishirini Oktoba aliwasilisha ritani, hesabu yake ya VAT ya Septemba. Hiki hapa. Amekidai chote, milioni moja, laki mbili na sitini elfu. Na hapa kwenye mauzo yake, siku ileile ya hati ya madai, mashine yake ya EFD imetoa risiti moja ya jenereta. Mnunuzi ni halmashauri."

"Angekaa kimya, nisingekuwa na kitu."

"Ungekuwa na risiti yake. Ila angesema mteja alitajwa kimakosa, mngebishana miaka. Akishadai zuio, ametamka kwa sahihi yake kwamba aliyeiuzia serikali ni yeye." Melania alitazama skrini kama anayesoma taarifa ya msiba. "Yule mama wa Bulongelo, ndiyo jenereta hiyo?"

"Ndiyo."

Melania alichapa kurasa nne, akazigonga muhuri kila moja, akamkabidhi kwa mikono miwili.

*

Serafina aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa na khanga iliyofifia na kandambili zisizolingana. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na kidogo. Elieth alisimama.

"Shikamoo, Mama Aneth."

Serafina alishangaa. Tangu aingie pale hakuna aliyemwamkia wala kumwita kwa jina la mwanawe. "Marahaba," alisema, akakaa.

"Sijaja kukuuliza jenereta ni ya nani. Nimekuja kukuuliza kwa nini unanyamaza."

Mama yule alitazama meza. Nje, mtu alikuwa akifagia uani. Ufagio ulipita, ukarudi, ukapita tena.

"Mume wangu alifukiwa na duara, shimo la dhahabu," Serafina alisema hatimaye. "Miaka minne sasa. Walikuwa watatu ndani. Siku ya pili wenye eneo walisema basi, shimo lifukiwe, tuweke misalaba juu. Kuna mtu alisema hapana. Alilipa watu wachimbe. Siku kumi na moja, mwanangu. Kila siku alikuwa analipa chakula na pampu ya kutoa maji. Siku ya kumi na moja mume wangu akatoka, nikamuosha, nikamzika. Wale wenzake wawili wake zao hawana kaburi la kwenda." Alijifunga khanga vizuri. "Mtu kama huyo unamtajaje polisi?"

"Humtaji," Elieth alisema. "Amejitaja mwenyewe."

Alimwekea kurasa nne zenye mihuri. Serafina alisoma kwa shida, midomo ikitembea. Alipofika kwenye jina alisimama, akarudi juu, akaanza upya.

"Hii ni nini?"

"Ni fedha ya zuio. Halmashauri iliikata kwenye malipo yaliyopita akaunti yako. Wewe usingeweza kuidai kwa kuwa hujasajiliwa. Yeye ameidai. Wakati wewe ulikuwa hujui hata kama ipo."

Serafina aliweka kiganja juu ya karatasi, kama anayetaka kuipasha moto.

"Alisema yeye amefungiwa zabuni," alianza. "Kwamba kuna pampu aliwauzia watu wa maji, zikaharibika, wakamfungia miaka miwili. Akasema serikali sasa inavipendelea vikundi vya akina mama, nimkopeshe jina. Fedha ikaingia kwangu, nikaitoa yote, nikampelekea. Akanipa laki tatu za ada ya Aneth."

"Jenereta uliiona?"

Ufagio nje ulikuwa umenyamaza.

"Mama Aneth. Uliiona?"

"Niliikuta uani kwake ikipakwa rangi."

Elieth aliacha kuandika.

"Nilijua ni ya karasha," Serafina aliendelea, sauti ikishuka. "Nilidhani ni ya ofisi. Ya kuwashia kompyuta na feni za wakubwa. Nikasema moyoni, hata ikizima nani ataumia? Sikujua ni ya kuzalishia. Ningejua..." Alijifuta uso kwa khanga. "Yule binti alikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Aneth wangu ana kumi na tisa."

Elieth alimsomea maelezo yake tangu mwanzo hadi mwisho. Alimweleza wazi kwamba shtaka la kuua hataliacha limwangukie yeye peke yake, lakini kukopesha jina na kukaa kimya kuhusu rangi ile ni mambo atakayoyajibu mbele ya hakimu, na karatasi hii haitamfungulia mlango leo. Serafina aliitikia kwa kichwa. Aliweka sahihi kila ukurasa, taratibu, herufi zote.

*

Walimkuta Ignas Lutonja kwenye ua wake wa mashine, saa nane mchana. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, na aliwaagizia soda kabla hawajaketi. Ofisini kwake ritani zake za kodi zilipangwa rafuni kwa mwezi na mwaka, kila moja kwenye jalada lake.

"Wewe ni mtu wa utaratibu," Elieth alisema akiyatazama.

"Kodi, afande, hailali kwangu. Kila mwezi, tarehe ishirini hainipiti. Nikilala na deni la serikali sipati usingizi."

"Ninazungumza na wafanyabiashara wanaoiuzia serikali. Wengi wanalalamika kuhusu hili zuio jipya."

"Wana haki. Unauza mali, unasubiri miezi, halafu wanakukata asilimia tatu juu. Mtaji unakwama."

"Wewe umeshakatwa?"

"Nimekatwa."

"Ukarudishiwa?"

"Nilidai kwenye ritani ya Septemba, nikapunguziwa. Ni haki yangu. Wengine wanaogopa kudai, mimi siogopi, kwa sababu karatasi zangu zimenyooka."

"Milioni moja, laki mbili na sitini elfu," Elieth alisema.

"Hiyohiyo."

"Ya mauzo gani, mzee?"

"Ya jene..."

Silvesta aliweka chupa yake ya soda chini bila kuinywa. Uani fundi aligonga chuma mara tatu, kisha naye kama aliyehisi kitu akaacha.

"Jenereta," Elieth alimsaidia. "Kituo cha Afya Bulongelo. Kwa jina la Serafina Jilala, kwa namba yako ya VAT, kutoka kwenye karasha lako. Unga wa mawe bado umo kwenye kichujio. Umeshapelekwa kwa mkemia pamoja na ule tulioutoa kwenye karasha lako mchana huu."

Ignas alivua miwani. Alionekana mzee ghafla. "Ningejua inakwenda chumba cha upasuaji, afande, Mungu ni shahidi, nisingethubutu."

Elieth alitoa nakala ya hati ya mapokezi. "Mahali pa kufungwa mashine pameandikwa kwa mkono. 'Chumba cha upasuaji.' Nimeulinganisha na mwandiko wa kwenye majalada yako pale juu, ni uleule. Unataka nikusomee?"

Hakutaka. Alikaa akiitazama miwani mikononi mwake.

"Kwa nini uliidai?" Elieth aliuliza. Hili hakulihitaji kwa ajili ya mashtaka. "Ulishachukua milioni arobaini na saba. Ulihitaji nini na hiyo moja?"

"Ilikuwa yangu," alisema Ignas, kwa mshangao wa kweli. "Serikali ilikuwa imeishika fedha yangu."

Silvesta alimsomea haki zake, akamfunga pingu. Walipompitisha uani, wafanyakazi wake walisimama mistari miwili, mafundi na wanawake wa kupepeta mchanga, na wengine wakavua kofia. Hawakujua bado. Mmoja aliuliza kwa Kisukuma kama mzee anaumwa.

*

Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili Elieth alipofika Bulongelo. Angeweza kupiga simu, lakini aliona habari ya namna hiyo inatakiwa kupelekwa kwa miguu. Mume wa Rebeka, Mabula, alikuwa nyuma ya nyumba akikata majani ya mbuzi. Aliweka panga chini, akamkaribisha kwenye kigoda mbele ya mlango.

Elieth alimweleza kwa mpangilio, bila kupamba. Kwamba mafuta yalikuwepo, na George hana kosa la kuiba. Kwamba mashine ilikuwa kuukuu, ikapakwa rangi. Kwamba mama mmoja alikopesha jina lake, na mhasibu mmoja alifumba macho, naye kesho ataitwa. Kwamba mwenye mashine amekamatwa leo mchana na amekiri.

"Ni nani?" Mabula aliuliza.

"Ignas Lutonja. Wa Geita."

Mabula alitazama mikono yake, iliyokuwa ya kijani kwa majani.

"Mzee Ignas," alisema. "Mwenye makarasha."

"Ndiye. Unamfahamu?"

"Alikuja hapa wiki moja baada ya mazishi. Peke yake, na gari lake. Alileta katoni mbili za maziwa ya kopo na nguo. Nilimuuliza amesikia wapi habari zetu, akasema msiba wa mama mzazi ni wa watu wote. Alikaa hapohapo ulipokaa wewe. Alilia, afande. Mama mkwe akampa maji." Alikwangua kijani cha majani kwenye kidole. "Akasema mtoto asiye na mama anatakiwa apate mtu wa kumsimamia. Jumapili iliyopita tulikwenda parokiani. Yeye ndiye aliyemshika kwenye ubatizo."

Elieth alijua swali linalofuata, na hakutaka kuliuliza. Hakuhitaji.

"Tumempa jina lake," Mabula alisema. "Padri ameshaandika kitabuni."

Ndani ya nyumba mtoto aliamka, akaanza kulia. Mama yake Rebeka, ambaye hakuwa amesikia neno lolote kati ya yale, alimnyanyua, akawa anatembea naye huku na huku, akimbembeleza kwa jina lile, mara moja, mara mbili, mara tatu. Mabula alisimama akaenda hadi mlangoni. Aliweka mkono kwenye fremu, akabaki pale, hawezi kuingia wala kumwambia anyamaze.